Ngome na Njia ya Chakula

Katika starehe ambazo watu wa Uingereza huzipenda wakati wa likizo, mojawapo ni kusafiri kwa miguu. Marafiki watatu au wanne hufunga mizigo yao mgongoni, hushika fimbo zao, na kutembea mchana kutwa, kisha hulala katika nyumba za wageni zilizo njiani. Kaskazini mwa nchi ya Wales safari ya namna hii huwafikisha kwenye ngome za kale za mawe. Naye aziendeaye kwa miguu, akichoka na kuona njaa, hufahamu jambo ambalo apitaye kwa motakaa halioni upesi.

Ngome hizo zilijengwa kwa amri ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza ili kuwatawala watu wa Wales aliowashinda. Ngome ya Conwy na ngome ya Harlech zote mbili zilianzwa mwaka 1283. Conwy ina minara minane mikubwa, na mji wake umezungushiwa ukuta wenye minara 21. Mgeni asimamaye chini ya minara hiyo hudhani ya kuwa aliyekuwamo ndani hakuwa na la kuogopa.

Lakini ukuta haumlishi mtu. Mwaka 1294 watu wa Wales waliasi, na katika majira ya baridi yaliyofuata mfalme mwenyewe alizuiliwa ndani ya Conwy, maji yamefurika na vyakula vyake vimebaki nje. Kuta zilikuwa imara kama kawaida, lakini waliomo walipungukiwa na chakula.

Kutoka hapo wasafiri huelekea kusini hadi Harlech, ambako ngome imekaa juu ya jabali lenye kimo cha futi 200 hivi. Hapa ndipo ionekanapo faida ya kufuatana na wenzako. Mmoja hutazama lango, mwingine hupima unene wa kuta, na wa tatu, kama ni mkulima, huuliza, "Je, watu hawa walikula nini?" Jibu lake ni ngazi ya mawe yenye vidato 108, ishukayo mpaka chini ya jabali. Zamani bahari ilifika karibu na mahali pale, na vyombo vilileta vyakula. Katika uasi ule wa mwaka 1294 Harlech haikutekwa, kwa sababu ililetewa chakula kwa bahari kutoka Ireland.

Mambo yakageuka baadaye. Owain Glyndŵr, kiongozi wa watu wa Wales, aliiteka ngome hiyo mwaka 1404. Waingereza wakaizingira, wakaipiga kwa mizinga. Hata hivyo kilichowamaliza walinzi wake ni kupungukiwa na chakula, na mwaka 1409 ikaanguka.

Siku hizi bahari imerudi nyuma, na ngazi ile hushukia penye njia ya reli na uwanda wa mchanga. Wasafiri wakaao juu yake kula mikate yao hawana haja ya kuelezwa zaidi. Waashi walipewa sifa kwa mawe yao, nao walistahili. Lakini aliyeilinda ngome kwa kweli ni mtu aliyepanda ngazi na gunia begani. Akiba haiozi, wala boma halizidi nguvu ya ghala lake.