Kutunga programu si wizi

Ndugu vijana wa Nundu, Baraka na Fizi nzima,

Wengi wetu tuko tunajifunza kutunga programu, hata kwa telefone tu. Basi habari hii inatuhusu.

Mwezi wa saba 2001, Dmitry Sklyarov, Mrusi wa miaka 26, alikamatwa Las Vegas, Marekani. Alikuwa ametoka kueleza mbele ya watu namna kinga ya vitabu vya Adobe ilivyo zaifu. Kosa lake? Alitunga programu ya kufungua vitabu hivyo. Hakuna aliyemshitaki kwamba aliiba hata kitabu kimoja. Lakini sheria ya Marekani ya haki za watungaji, ya 1998, ilihesabu chombo chenyewe kuwa kosa, kifungo hadi miaka 5.

Raia wakaandamana. Kisha wiki moja, Adobe yenyewe ikaomba aachiliwe. Mwisho wa 2002, korti ikaona kampuni yake haina kosa.

Tusiseme ni mambo ya Wazungu. Nairobi, mwezi wa tano 2025, Rose Njeri alikamatwa sababu alitunga programu ya kusaidia raia kuandikia Bunge wakipinga muswada wa fedha. Huko walitumia sheria ya makosa ya kompyuta, lakini mawazo ni yale yale: kumfunga mtunga chombo. Tarehe 20 mwezi wa sita korti ikatupa mashitaka.

Kwetu Kongo, tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, tuko na Kode ya Numeriki. Mwaka huo huo ilitajwa ndani ya mashitaka ya mwandishi wa habari Stanis Bujakera, aliyekaa gerezani miezi 6.

Hatutetei wizi. Mwimbaji wa Baraka ambaye nyimbo zake zinauzwa bila yeye kupata hata faranga, ana haki ya kulalamika. Anayeuza ndiye ahukumiwe. Hapa ziwani mwizi wa samaki anakamatwa, lakini hakuna anayeenda kumfunga mshona nyavu.

Tunaomba wabunge wetu wa Fizi wadai sheria iseme wazi: mtu aazibiwe kwa tendo na nia mbaya, hapana kwa kutunga ao kueleza programu. Na sisi vijana, tuisome hiyo Kode pamoja. Siku mmoja wetu akikamatwa, tusinyamaze.