Bao Lisifukuzwe Darasani

Wazazi wengi hapa Morogoro humkemea mtoto akionekana barazani penye bao, na walimu wengine husema ni mchezo wa wasio na kazi. Kwa heshima zote sikubaliani nao, na sababu yangu ni ya hesabu.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Tuseme mtu atia punje moja ya mchele wa Kilombero katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, na kuendelea kuzidisha mara mbili mpaka shimo la mwisho. Jumla yake ni punje 4,294,967,295. Ikiwa punje arobaini ni gramu moja, mchele huo ni kama tani 107, yaani magunia zaidi ya elfu moja ya kilo mia mia.

Namba hiyo ni kubwa lakini si ngumu. Ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, na vigawo vyote vitano ni namba tasa. Kila kimoja hupatikana kwa kuongeza 1 juu ya 2, 4, 16, 256 na 65,536, ambazo kila moja ni iliyoitangulia ikizidishwa kwa yenyewe. Mwaka 1640 Fermat, Mfaransa hodari, alisema anaamini kwamba zote zinazofuata nazo ni tasa, ingawa hakuwa na uthibitisho. Inayofuata ni 4,294,967,297. Ndiyo jumla ya mchele wetu na punje mbili juu yake!

Ilipita miaka zaidi ya tisini. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba namba hiyo hugawanyika kwa 641. Mtu asiye na mpango angejaribu namba tasa zote zisizozidi 65,536, nazo ni 6,542. Lakini katika maandishi yake ya baadaye Euler alithibitisha kwamba kila kigawo cha namba hiyo kikigawanywa kwa 64 hubakiza 1. Namba tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano tu! Na 64 si ndizo kete zetu? Basi 641 ni kete za mabao kumi, na kete moja ya ziada.

Sisi wanafunzi tuna makosa mawili hapa. Tukijaribu mifano mitatu na yote ikakubali, twaandika "ni kweli daima"; Fermat alikuwa na mitano, na wa sita ukamwumbua. Tena tukiona tarakimu kumi twaweka kalamu chini, kana kwamba tumeambiwa tupande Uluguru usiku bila taa. Kumbe njia ilikuwa fupi kwa aliyefikiri kwanza. Mchezaji wa bao hafanyi hivyo. Kabla hajagusa kete amekwisha kuona zitakakoishia.

Nakubali wako wanaokaa barazani tangu asubuhi mpaka milima inapoingia giza. Hao siwatetei. Ninaloomba ni bao moja katika chumba cha hesabu, na kila muhula namba moja kubwa tuivunje kwa kalamu na karatasi, bila mashine. Wazazi nao wakimkuta mtoto penye bao, wamwulize kwanza alihesabu nini.

Ya kuanzia ninayo. Chukua 2, uizidishe kwa yenyewe mpaka ziwe mbili 64, kwa hesabu ya kete, kisha uongeze 1. Utapata 18,446,744,073,709,551,617. Hiyo nayo si tasa. Landry wa Ufaransa aliivunja mwaka 1880, na kigawo chake kidogo ni 274,177. Mwenye karatasi ndefu agawanye, atuletee hicho kingine.