Mgeni Siku ya Tatu Apewe Jembe la Lugha

Katika mtaa wetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, imehamia aila moja kutoka Ujerumani: baba, mama, binti wa miaka kumi na mvulana wa miaka sita. Wamepanga ghorofa ya juu katika nyumba ya jirani yangu, kwa muda wa mwaka mmoja. Hawakuja kuota jua ufuoni. Wamekuja kujifunza Kiswahili, na wameona lugha ya watu husomwa vyema mahali inapopikiwa, inapogombiwa na inapotaniwa.

Jioni ya kwanza yule bwana alipita barazani petu akatamka, kwa utaratibu kama mtu abebaye yai, "Masalkheri, mu hali gani?" Nami, mtunzi wa mashairi, mtu ninayekula kwa kalamu ya Kiswahili, nikamjibu kwa Kiingereza!

Sikuwa peke yangu. Muuza mahamri alimjibu Kiingereza. Kinyozi vivyo hivyo. Kijana wa tuktuk alimpa "Jambo!" na "Hakuna matata," maneno ambayo hakuna mtu wa Mvita amwambiaye mamake asubuhi. Mwezi ulipokwisha, yule bwana akaniambia, "Bwana, Kiswahili changu kilikuwa kizuri zaidi kule kwetu. Kule mwalimu alinilazimisha kusema. Hapa kila mtu ananionea huruma."

Neno hilo lilinikaa rohoni. Wazee wetu walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema hivyo kwa uchoyo. Mtu asiyepewa jembe hubaki mgeni daima. Hulishwa, huchekewa, wala hahesabiwi. Jembe la mtu aliyekuja kutafuta lugha ni lugha yenyewe, nasi tumelificha uvunguni.

Kwa nini? Wengine watasema ni ukarimu: tunamrahisishia mgeni. Kweli kidogo. Lakini tusidanganyane, ndugu msomaji. Mara nyingi tunataka aone kwamba nasi tumesoma. Tunaona haya kuonekana hatuna ila Kiswahili.

Aliyelipata jembe katika nyumba ile ni yule mvulana wa miaka sita, kwa kuwa watoto wenziwe hawakuwa na Kiingereza cha kumwonea huruma. Siku moja Mama mmoja jirani alimwita dirishani, "Ndoo, mwanangu!" Mtoto akakimbia ndani, akarudi na ndoo ya maji. Mtaa mzima tulicheka, naye akacheka. Kumbe kitabu cha babake kinasema "njoo". Mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita chetu kikabaki mitaani. Basi tangu siku ile mtoto anajua kwamba kwetu njia ni ndia, na macho ni mato. Hayo hakuyapata darasani.

Nami nilisoma hivyo hivyo chuoni. Tulitamka herufi na aya kwa sauti moja, sote pamoja, maana hatuijui bado. Mwalimu alituvumilia tukikosea, akaturudisha nyuma, tukaanza tena. Ulimi hutangulia, fahamu hufuata. Lau mwalimu angetuonea huruma akatusomea yeye, leo nisingejua kusoma hata juzuu ya kwanza.

Tusidhani kumfunza mgeni ni hasara ya mwenyeji. Mwaka 1844 aliingia Mombasa Mjerumani Johann Ludwig Krapf pamoja na mkewe. Haikupita miezi mingi, mke na kitoto chao kichanga wakafa. Krapf aliendelea kujifunza kwa watu wa hapa, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa 1882, baada ya yeye mwenyewe kufariki. Baadaye akaja Mwingereza William Taylor, akakaa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Watu hao wa ng'ambo walikuja kwa ajili ya dini yao, na hilo halifichiki. Lakini kwa kazi ya Taylor na Mwalimu Sikujua, mashairi mengi ya Muyaka bin Haji yaliokoka, nasi twayasoma hadi leo. Mwalimu Sikujua hakumpa Taylor "hakuna matata". Alimpa lugha yenyewe, na waliopona ni sisi.

Sasa nieleze kinachoniuma. Kitinda mimba wangu ana miaka minane. Anasoma shule moja ya kulipia ambapo mtoto akisikika akisema Kiswahili nje ya kipindi chake, huvikwa kibao shingoni. Karo nailipa mimi. Juzi mamangu alikuwa amekaa barazani. Yule mvulana wa Kijerumani alimshika mkono, "Shikamoo, bibi," kisha akamweleza habari za paka aliyezaa juu ya paa. Mwanangu alipita, akainua kichwa kidogo, akaingia ndani. Mamangu akaniuliza, "Mwanao huyu, hana la kunambia?" Sikuwa na jibu.

Sisemi Kiingereza kitupwe. Kina kazi yake na mkate wake. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Lakini katiba haikai barazani jioni kujibu salamu. Kazi hiyo ni yetu. Mgeni akikusalimu kwa Kiswahili, mjibu kwa Kiswahili, hata akikawia. Akikosea ngeli, msahihishe kwa adabu. Na mtoto wako ukimsikia amenyamaza mbele ya bibi yake, usimlaumu mtoto. Jiulize nani aliyemvisha kile kibao.

Mimi nimeanza. Mjerumani sasa anakuja kwangu kila baada ya sala ya alasiri, na mwanangu hukaa pamoja naye, kitako, mkekani. Wote wawili ni wanafunzi.

Mgeni amewasili, mlangoni anabisha,
Ataka yetu kauli, nasi twamnyamazisha,
Tumpeni Kiswahili, ndicho cha kukaribisha,
Siku mbili kumlisha, ya tatu jembe mpeni.