Mashine za Kufulia za Zamani na Beringi Moja

Wazee wetu hupenda kusema kwamba mashine za kufulia nguo za siku zile zilikuwa mashine kweli, na hizi za leo ni makopo. Vijana husikia wakacheka. Sisi twaona kwamba wazee wana haki, ijapokuwa sababu wanayoitoa, yaani uzito wa chuma, si yenyewe.

Nchini Marekani, tangu mwaka 1967, kampuni ya Maytag ilijitangaza kwa sura ya fundi mpweke, asiyeitwa na mtu kwa kuwa mashine haziharibiki. Tangazo ni tangazo. Mashine za enzi ile nazo zilikatika mikanda, zikaziba pampu. Zilikula maji mengi, na zile za kukamua kwa rola mbili za mpira ziliponda vidole vya akina mama wengi. Tena tunazozisifu ni zile zilizosalia tu. Zilizokufa mapema ziliyeyushwa zamani, wala hakuna azikumbukaye.

Lakini zilifunguka. Fundi aliondoa bamba la nyuma kwa bisibisi, akabadili kilichochakaa, nguo zikafuliwa jioni ileile. Katika mashine nyingi za leo, pipa la plastiki linaloizunguka ngoma limeunganishwa kwa joto, halina skrubu hata moja. Maji yakipenya na kuiharibu beringi, ile pete ya chuma yenye gololi inayoenea kiganjani, fundi hana budi kuagiza pipa zima pamoja na ngoma, kwa bei inayokaribia ya mashine mpya. Basi chombo kizima hutupwa kwa ajili ya pete. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Kuna mtu aliyeketi mezani akalichora hivyo, kwa sababu ni rahisi kiwandani.

Tangu Machi 2021, Umoja wa Ulaya huwalazimisha watengenezaji kuweka vipuri vya mashine za kufulia kwa miaka 10. Ni jambo jema, ila sheria hiyohiyo yaruhusu beringi kuuzwa ikiwa imefungamana na ngoma yake! Na mashine iliyokwisha kutumika huko hufika Kongo ikiwa imekula sehemu kubwa ya miaka hiyo, ikakutana na umeme wetu wa kupanda na kushuka, ambao huunguza kadi ya elektroniki kabla hata beringi haijachoka. Saa ya zamani, iliyozungushwa kwa mkono, ilivumilia zaidi.

Kwa hiyo, vijana wapendwa, hatuwaombi mtamani chuma cha babu zenu. Twawaomba kwamba siku familia itakapokusanya fedha za kununua mashine, au friji, au pasi, aitwe fundi wa mtaa kabla ya kulipa. Muuzaji ataonyesha taa na rangi. Fundi atakigeuza chombo kichwa chini na kutafuta skrubu.