MAZUNGUMZO YA MKULIMA: Mbata Njema, Mafuta Mema

Mara nyingi mkulima wa Kilifi au Kwale hupeleka gunia la mbata kwa mnunuzi, naye mnunuzi huchukua kipande kimoja, akakikunja kwa vidole, akakinusa, kisha akataja bei ya chini. Mkulima hurudi nyumbani akinung'unika kwamba amedhulumiwa. Pengine ni kweli, maana wadhalimu hawakosekani sokoni. Lakini yafaa tuchunguze kwanza mnunuzi alikuwa akitafuta nini katika kipande kile.

Nyama ya nazi iliyokomaa ni maji karibu nusu ya uzito wake. Kazi ya kukausha ni kuyapunguza mpaka yabaki kiasi cha sehemu 6 katika 100. Mbata iliyofikia hapo ina mafuta zaidi ya sehemu 60 katika 100, nayo ikikunjwa huvunjika kwa mlio. Ile isiyokauka hupindika bila kuvunjika, na humo ndimo ukungu uotamo. Maji na ukungu huyaharibu mafuta yakaingia asidi, hata yakawa na ladha kama ya sabuni.

Kiwandani mbata husagwa, hupashwa moto, kisha hukamuliwa kwa mashine. Mafuta yakiwa na asidi hutiwa magadi makali, yanayoigeuza asidi hiyo kuwa sabuni. Sabuni huondolewa, na mafuta huoshwa. Halafu huchanganywa na udongo maalum unaonyonya rangi, huchujwa, na mwisho hupitishwa mvuke wenye joto la kadiri ya digrii 200 au zaidi katika chombo kilichoondolewa hewa, ili harufu itoke. Ndiyo sababu karani anunuaye chupa dukani huona mafuta safi yasiyo na harufu, asijue mbata yake ilikuwaje. Walakini usafi huo si wa bure. Asidi inapoondolewa huchukua na mafuta mazuri kidogo, na hasara hiyo mnunuzi huipiga hesabu mapema, akaitoa katika bei ya mkulima.

Mama zetu wa pwani, wanaokuna nazi nzima na kuchemsha tui mpaka uto uelee juu, hawahitaji magadi wala udongo. Nazi yao haikupata nafasi ya kuoza.

Tena kuna jambo zito kuliko bei. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga wengi walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na wataalamu wakavumbua sumu iitwayo aflatoksini. Ukungu uletao sumu hiyo huweza kuota pia katika mbata yenye unyevu. Kusafisha mafuta huiondoa kwa sehemu kubwa, lakini katika mashudu hubaki. Na ng'ombe akila mashudu hayo, sumu huingia katika maziwa wanywayo watoto.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuangue nazi zilizokomaa, si koroma, maana mbata ya koroma huwa laini kama mpira. Pili, tuzipasue asubuhi ya siku yenye jua, kwa kuwa siku ya kwanza ndiyo ya hatari kubwa. Tatu, tuzianike juu ya mikeka au uchaga, si mchangani, na kuzifunika kabla ya umande kushuka. Siku mbili zikipita, nyama itaachana na kifuu kwa urahisi, nasi tutaendelea kuianika mpaka ikauke kabisa. Wakati wa masika hapana budi kutumia moto. Lakini moto huo uwe wa vifuu, wala si wa makumbi, kwa kuwa moshi wa makumbi huitia mbata rangi na harufu mbaya. Wakulima wa Ceylon, nchi iitwayo Sri Lanka tangu 1972, hukausha mbata yao kwa moto wa vifuu, na mbata hiyo hutoka nyeupe.

Mwisho, tusichanganye mbata njema na mbaya ili kujaza gunia. Wahenga walisema: nazi mbovu harabu ya nzima. Mkulima aliyetenga mbata zake anaweza kukivunja kipande mbele ya mnunuzi, mlio usikike, kisha akadai bei yake bila kuona haya.