Maji Matulivu ya Ugiriki na Hila Zake

Mwezi wa Agosti mwaka 2020, karibu na Antirrio nchini Ugiriki, mabaharia wa kivuko walimkuta mtoto mdogo wa kike akielea peke yake mbali na pwani. Alikuwa amekalia boya la mpira lililojazwa hewa. Nahodha alilazimika kukisogeza chombo polepole, kwani mawimbi ya chombo chenyewe yangeweza kulipindua boya. Mtoto aliopolewa akiwa mzima.

Wageni wengi waendao kustarehe Ugiriki huogopa mawimbi. Lakini wimbi ni adui ajitokezaye hadharani. Maji matulivu ndiyo yenye hila. Miezi ya Julai na Agosti huvuma katika Bahari ya Aegea upepo mkavu utokao kaskazini, ambao Wagiriki huuita meltemi. Hauji na mawingu wala mvua. Mbingu hutakata, jua huwaka, na upepo huzidi nguvu kuanzia adhuhuri. Siku nyingine huwa mkali hata vivuko vikakatazwa kung'oa nanga. Mabingwa wa mbao zenye tanga huufuata makusudi huko Paros na Rhodes. Kwao ni neema.

Katika fukwe zielekeazo kaskazini kila mtu huona bahari imechafuka, akaahirisha kuogelea. Kusini mwa kisiwa, upepo uo huo hutoka nchi kavu kwenda baharini. Karibu na ukingo haujapata nafasi ya kuumua mawimbi, basi maji hulala kama yamo katika beseni. Chombo chepesi, kama boya la mtoto au ubao wa kupigia kafi, husukumwa nje pasipo kelele. Na kadiri kiendavyo, ndivyo mawimbi yanavyokua na kurudi kunavyokuwa kugumu.

Kwa hiyo bendera za mikahawa ya pwani zikipepea kuelekea baharini, maboya ya watoto na yabaki mchangani. Mpira ukichukuliwa, uachwe uende. Hata askari aliyefuzu kuogelea kambini asijidanganye kuufukuza, maana huteleza juu ya maji upesi kuliko mkono wa binadamu. Apandaye ubao avae jaketi la kujiokolea na ajifunge mguuni kamba ya ubao. Akianza kuchukuliwa, asisimame, kwani mwili uliosimama ni tanga. Alale kifudifudi, apige maji kwa mikono. Akishindwa, asiuache ubao kamwe: ubao humweleza, na waokoaji huuona upesi kuliko kichwa kitupu.

Aliyebaki nchi kavu naye ana kazi. Asijitose kumfuata mwenziwe, bali apige simu namba 108 ya Walinzi wa Pwani wa Ugiriki, au 112, na macho yake yasibanduke kwa anayechukuliwa mpaka mashua ifike.