Maoni Yetu: Dizeli itoke kwenye matairi

Peleka gari likaoshwe Jumamosi, Dar es Salaam au Mwanza, uone kazi inavyomalizika. Bodi ikishafutwa, kijana anachovya kitambaa kwenye kopo lisilo na lebo, anazungusha kwenye matairi yote manne, yanabaki meusi tii. Mwenye gari anatabasamu, analipa, anaondoka. Haulizi kopo lile lina nini. Kwenye vituo vingi lina dizeli. Kwingine ni oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya mtu mwingine.

Tunasema desturi hii ikome.

Tairi ni mpira, na mpira haupatani na mafuta. Dizeli ikipakwa ubavuni hupenya, mpira unavimba kidogo na kulegea. Ule weusi ni mafuta yaliyolowesha juu tu. Vumbi likishanata, tairi linachafuka kuliko lilivyokuwa kabla ya kuoshwa. Hasara kubwa huja polepole. Kiwandani, mpira huchanganywa na nta pamoja na kemikali za kuukinga na jua na ozoni. Kila tairi linapojikunja barabarani, kinga hiyo hupanda juu kidogo kidogo. Ndiyo inayolifanya tairi kuwa na rangi ya kahawia, ile ambayo wengi tunaidhania uchafu sugu. Dizeli huyeyusha kinga hiyo ikaondoka nayo. Gari likishinda juani mchana kutwa, ubavu unakakamaa na kuanza kuchanika nyufa nyembamba, wakati kashata bado ni nzima.

Anayeumia mapema zaidi, pengine, ni huyo kijana. Oili chafu ina chembe za metali na masizi yenye sumu, na kuishika kwa mikono mitupu miaka nenda miaka rudi kunaweza kuleta saratani ya ngozi. Inayobaki huoshewa mtaroni.

Wako wanaodai kwamba silikoni ndiyo inayoua tairi. Wamemkamata asiye mwenyewe. Silikoni haina ugomvi na mpira wa tairi; kinachodhuru ni kiyeyusho cha petroli kinachotumika kuibeba katika baadhi ya dawa. Kwa hiyo dukani soma lebo, utafute dawa iliyotengenezwa kwa maji. Mara nyingi huwa nyeupe kama maziwa na haina harufu kali. Ile angavu, yenye kunuka mafuta ya taa na alama ya moto kwenye chupa, irudishe rafuni hata kama muuzaji anaapa kwamba inang'aa wiki nzima. Itang'aa kweli, na gari likishika kasi itarukia rangi ya milango.

Dawa nzuri nayo haifai kitu juu ya tairi chafu. Anza na matairi kabla ya bodi, yakiwa yamepoa, kwa maji, sabuni na brashi ya nailoni ambayo haitagusa rangi ya gari. Povu la kwanza litatoka la kahawia. Suuza, rudia mpaka povu litoke jeupe, kisha acha tairi likauke kabisa. Dawa itie kwenye sponji. Usipulizie moja kwa moja, maana itafika kwenye diski za breki. Paka kidogo ubavuni, futa iliyozidi, subiri ikauke ndipo uondoke.

Ubavuni tu. Sehemu inayokanyaga lami isiguswe. Madereva wa bodaboda tunawasihi zaidi: pikipiki ikilala kwenye kona hukanyagia ukingo wa tairi, na ukingo uliopakwa dawa utamwangusha dereva na abiria wake. Na wale wanaopaka dawa hiyohiyo kwenye pedali za breki na klachi ili ndani nako kupendeze, waache leo. Mguu unaoteleza kwenye pedali ya breki hauna wa kumlaumu.

Kuna na biashara nyingine inayojificha nyuma ya weusi huu. Matairi ya mtumba yanayopangwa kando ya barabara hupakwa mpaka yakadanganya jicho. Kabla ya kutoa pesa, omba kitambaa chenye maji ya sabuni, futa ubavu wote, utazame nyufa. Kisha tafuta tarakimu 4 za mwisho kwenye namba inayoanza na herufi DOT: 2314 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Muuzaji akikasirika kwa sababu umefuta, nenda kwa jirani yake.

Wenye vituo, wekeni dawa kwenye chupa yenye lebo ambayo mteja anaiona, na wapeni vijana wenu glavu. Kama dawa ya maji inaongeza gharama, andikeni bei yake ubaoni, mteja achague mwenyewe. Nawe mteja, ukiona kopo lisilo na jina, sema matairi yaoshwe kwa sabuni na yaachwe hivyo. Tairi safi lisilong'aa halina kasoro yoyote.